Kisima cha Shavu la Kushoto

Mpendwa Maman Emérence wa radio, naomba unisaidie, na unisamehe kama sauti yangu iko chini hata kwenye karatasi. Kitu hiki sijakiambia mutu yeyote, hata padri: taya langu la kushoto linavimba tangu kabla ya Noeli, haliumi sana lakini halirudi, na mimi nalificha na kitambaa cha fulari, ku masomo nakaa siku zote upande wa ukuta, na rafiki yangu Pascaline ananichokoza, "Aimée, iyo bonbon yako ya mu shavu haiishake?" na mimi najibu, "Ni ya maziwa, njo inakawia," tunacheka, yeye na mudomo wote, mimi na nusu.

Wanafunzi wa udaktari wa meno walipita kwetu ku masomo, mumoja akagusa ufizi wangu, akaacha kutabasamu, akasema nifanye radio ya taya, ile picha ya mifupa, bila kukawia, pengine kuna uvimbe ndani ya mufupa, pengine watapasua. Nikasema ndiyo docteur, nikafunga fulari tena, na ile radio sijafanya mpaka leo.

Si kisu tu naogopa. Mama yangu Constance, aliyekufa nikiwa shule ya primaire, alikuwa na kishimo kwenye shavu hili hili, kwa Kifaransa wanasema fossette, yeye alikiita kisima chetu kwa sababu na mimi nilizaliwa nacho, na Jumamosi kwetu Bagira akikaanga sambaza, vile visamaki vya ziwa, alikuwa ananichekesha kwa makusudi, halafu anaweka kidole chenye chumvi na mafuta ndani ya kisima changu, anasema, "Acha ninywe maji," na ile harufu, Maman, hata leo nikipita kwa wanaokaanga samaki Nyawera nasimama tu katikati ya njia, watu wa pikipiki wananipigia honi.

Kwa kilio cha mazishi yake shangazi zangu walinishika kidevu: "Constance hajaenda, iko hapa!" Tangu siku ile Papa ananiita maman, na akirudi amechoka anasema, "Maman, cheka kidogo nione." Sasa kisima kimejaa. Nacheka, hakuna kitu. Papa anafikiri nimemukasirikia. Na jirani yetu mumoja walimupasua taya, uso ukabonyea upande. Wakinipasua na mimi, Papa atamuona mama wapi tena?

Nasikia viatu vya Papa kwenye ngazi. Kila mara nafunika karatasi na daftari. Mulango unafunguka. Leo sifuniki.

Aimée

*

Aimée mutoto wangu, nimekulilia kidogo, sasa acha nikugombeze. Tangu kabla ya Noeli! Uvimbe wa mfupa haungoji haya yako iishe. Si kila uvimbe ni ugonjwa mbaya. Mwingine ni mfuko wa maji tu kwenye mzizi wa jino. Lakini hakuna anayejua kwa kutazama shavu, si mimi, si Pascaline, wala wauza majani ya dawa wa sokoni. Radio ndiyo itaonyesha, na sisemi radio hii unayonisikilizia. Pengine watatoa kipande kidogo wakakipime. Ugonjwa wa jirani yako siujui, ila uvimbe ukiachwa unaendelea kula mfupa, na daktari analazimika kukata zaidi. Unaficha uso ili uulinde, kumbe ndivyo unavyoupoteza. Muulize daktari: mtapitia ndani ya mdomo au nje? Mfupa gani utabaki? Kama kisima kitarudi, sijui, sitakudanganya.

Sasa wengine musikilize. Chini ya barua hii kuna mwandiko mwingine, wa kalamu ya bic nyekundu: "Maman Emérence, nimesoma. Mimi ni Xavier, papa yake. Nilikuwa natafuta marehemu kwa uso wa mutoto, sikuona mutoto anagonjwa. Nifanye nini?"

Papa Xavier, kulia ulie, lakini baadaye. Kama hamujaenda bado, kesho asubuhi mushuke wawili kwa daktari wa meno wa hospitali. Aimée aseme yeye mwenyewe ilianza lini, wewe usimjibie. Usipake majivu, usimkande na maji moto, usinunue vidonge vya barabarani. Akishikwa na homa, akashindwa kumeza au kufungua mdomo, musingoje kupambazuke.

Na leo hii, ukiisha kunisikia, zima radio, mwambie binti yako afungue mdomo, utazame.