Tangi la Samaki Ulilomwachia Mama

Dukani, nyuma ya karakana ya magurudumu,
S.L.P. 318.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zetu sote uliotuacha huku. Kifua kimepona? Ulisema baridi ya huko inakuingia mpaka kwenye meno. Vaa soksi mbili, usione haya. Mimi ni mzima isipokuwa mgongo, na shemeji yako ni mzima isipokuwa mdomo. Mama hajambo. Goti ni lile lile, ndiyo maana siku hizi analala sebuleni asipande ngazi.

Na hapo sebuleni ndipo penye habari yangu, maana nina kinyaa kilichokataa kushuka.

Tangi lako la samaki limepata ufa. Umeanzia kona ya chini ya kioo cha mbele na unapanda kwa mshazari. Mjomba alipoteremsha kitanda cha mama alikisogeza hapo hapo, mchago ukagusa meza ya tangi, na ekstensheni ya umeme wa pampu imelala sakafuni karibu na mto. Piga hesabu nami: urefu mita moja, upana sentimita arobaini, maji yakifika kina cha hamsini, hizo ni lita mia mbili. Yaani kilo mia mbili, mifuko minne ya simenti, na mawe sijayatia. Mifuko minne juu ya kichwa cha mama yako, imezuiwa na kioo cha milimita nane kilichopasuka.

Mjomba tunayemwita Injinia, tangu alipotengeneza redio ya jirani ikashika stesheni moja, alisema tangi ni salama kabisa na ufa ameshauziba. Nikamwuliza kwa gundi gani. Kwa chingamu. Alizitafuna mwenyewe, tatu, na moja ilikuwa bado na alama za meno.

"Mwanangu," akaniambia, "kioo kikishapasuka kimeshamaliza hasira zake."

Duka hili nililianzisha kwa kopo moja la misumari, na kabla ya hapo nilizibua vyoo vya watu. Sina kiburi cha mikono. Lakini chingamu ya mzee ilinishinda kuibandua kwa kucha, nikatumia bisibisi. Nyuma yake pana utelezi wa kijani, na konokono wadogo wamekaa humo kama wapangaji. Chini ya meza imetandazwa fulana yako ya zamani inayonywa maji yanayovuja. Haijawahi kufuliwa. Niliinua pembe moja tu, nikaiachia nikaenda kunawa.

Nilitaka kumwaga maji siku ile ile, Jumapili iliyopita. Mama akakataa. "Mwenyewe alisema wasihamishwe mpaka arudi." Ni kweli ulisema. Nilikuwepo mlangoni, begi likiwa begani mwako, ukasema kama mtu anayekumbusha taa izimwe. Yeye ameishika kama amri.

Tukaafikiana nipime. Nikaweka nukta ya rangi ya kucha, nyekundu, kwenye ncha ya ufa, sentimita kumi na mbili kutoka konani. Ufa ukiipita nukta, tangi linaondoka. Usipoipita, nafunga mdomo. Chupa ya rangi nikaiacha juu ya kabati.

Leo nimerudi. Nukta ipo kwenye ncha, haijapitwa hata kidogo. Injinia akanipigia makofi. "Umeona? Mwuza misumari anaogopa maji." Nikatoa futi yangu. Kumi na saba.

Nukta haina miguu. Nikamgeukia mjomba nikamwita mwongo, mtu aliye tayari kumzika dada yake ili yeye aonekane fundi. Akaapa mpaka mate yakamruka. Sikumwamini. Mama akajitia kati, akaninyooshea kikombe cha chai ili tunyamaze, na hapo nikaona dole gumba lake. Ukingo wa ukucha ulikuwa mwekundu, umesuguliwa lakini rangi haikutoka. Mama, ambaye hajapaka rangi ya kucha maishani mwake.

Nikanywa chai. Kisha nikamwomba Injinia radhi, na radhi hiyo ilikuwa chungu kuliko kuigusa chingamu yake.

Yule samaki mkubwa wa rangi ya chungwa amepewa jina lako la utotoni, Kibonge. Kila asubuhi mama anamsalimu, anamwuliza amelalaje na kama amekula. Wewe ukipiga simu unaongea na mjomba habari za mpira mpaka salio linaisha. Nimechukizwa na fulana, na konokono, na Injinia, lakini aliyenichukiza kupita wote ni wewe.

Tangi si salama. Si la kuzibwa, si la kuchungwa, wala si la kugeuzwa ufa uangalie ukutani kama anavyoshauri Injinia sasa. Nimepunguza maji yakabaki nusu, ekstensheni nimeitundika ukutani, kitanda nimekivuta mpaka dirishani. Mama akasema, "Wanabanana." Dukani nina pipa pana la plastiki, jipya, linawatosha samaki wote. Ila sitawatoa kwa nguvu mbele ya macho yake.

Barua nampa jirani anayepanda ndege kesho, maana simu yako ikiona namba yangu huwa una kazi. Ukimaliza kuisoma, mpigie mama, si mjomba. Mwambie wewe mwenyewe umewaruhusu wahame. Halafu mwulize amelalaje na kama amekula. Rangi ya kucha usiitaje, anadhani sikuona.

Msalimie wifi yangu na mapacha. Shangazi anakusalimu, na Injinia pia, ingawa amenuna. Mungu akukinge na baridi hiyo, akupe na masikio.

Chupa ya rangi iko pale pale juu ya kabati. Ukichelewa kupiga, mama ataihitaji tena.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata leo.