Tundu la Kiatu cha Waase

Delphine, nimeharibu. Nimeharibu kabisa.

Vile viatu vya ngozi Bibi alivyomshonea Waase wangu, soli ilikuwa na tundu. Mimi nikajua ni panya. Nikaziba kwa uzi, na shanga juu!

Leo mtoto kalazwa, homa haishuki. Bibi kaingia wodini, kaona viatu miguuni. "Nani kaziba?" Mimi, Bibi. "Nani KAZIBA?"

Kumbe tundu huachwa makusudi! Waliotangulia wakija kumwita, mtoto aseme siwezi safari, kiatu kimetoboka.

"Mama yako angekufundisha," kasema, "lakini serikali ilimchukua kwa nguvu, ikampeleka shule ya bweni ana miaka sita."

Kaufumua uzi kwa meno. Tundu liko wazi sasa.

Waase hanyonyi, Delphine. Anatazama mlangoni tu, na mlangoni hakuna mtu.