Waleti ya Sauti Mbili

Jumatatu, 11 Mei 2026

Mashine ya dukani, hii kompyuta ya kuchapia, imegoma kabisa. Inawaka, inaleta bluu, inazima. Wateja wa kuchapisha vyeti wameondoka — wameenda kwa jirani, najua! Fundi Edson kaja, kaigongagonga, kasema virusi vimeshakula kila kitu. Dawa moja tu: kufuta yote na kupiga window upya.

Kufuta yote! Nikamwambia aondoe mkono wake hapo.

Humo ndani mna bitcoin zangu. Miaka mitatu ya kunakili rekodi za maongezi ya Kisukuma kwa Mzungu ambaye hata uso simjui, na analipa kwa hizo tu. Abel mume wangu anaziita hela za hewani. Mayu, mama yake, ambaye yuko nasi hapa Kambarage tangu wavune karanga, anasema hela isiyofungika kwenye pindo la kanga si hela. Sawa. Lakini ile karasha ya Maige, ya kusagia mawe ya dhahabu kule Geita, nitainunua kwa hizo hizo za hewani. Maige kasema ananisubiri mpaka Jumapili, ikipita anampa mwingine.

Abel yeye anataka niziingize kwenye duara lake, lile shimo la dhahabu analochimba na wenzake huko huko Geita. Siingizi! Duara linakula tu — leo pampu, kesho magogo, keshokutwa chakula cha wachimbaji, na mawe yenyewe hayana kitu. Karasha haina habari. Mwenye mawe anakuja yanasagwa, apate dhahabu asipate, analipa. Mimi nataka kukaa upande huo.

Jumanne, 12 Mei 2026

Edson kanipa somo. Mafaili ya kawaida atayabeba kwenye flashi. Waleti, ile programu inayoshika bitcoin, haitaki flashi, inataka yale maneno yake kumi na mawili ya Kiingereza, kwa mpangilio wake. Ukiwa nayo unaifufua kwenye kompyuta yoyote. Akiwa nayo mwingine, anaifufua yeye. Nisipige picha, nisitume WhatsApp, niandike kwa mkono.

Mashine ilikubali kuwaka asubuhi, kwa shingo upande. Nikamgeuza Edson uso ukutani. Kanuna. Anune! Nikayanakili mbiombio kwenye kipande cha rolo ya mashine ya risiti, ndicho kilichokuwa karibu. Neno la kwanza ni — hapana. Hata humu siandiki.

Halafu nikawaza. Karatasi inaungua, inaliwa na panya. Kwaya yetu tunashika Kilatini ukurasa mzima bila kujua maana, kwa sababu tunakiimba. Kwa nini nisiyaimbe? Nikayatia kwenye mahadhi ya kulimia, yale ya kwetu, jembe juu jembe chini. Yakakaa vizuri ajabu!

Mayu alikuwa uani anamenya karanga. Akauliza hicho ni Kizungu gani, na kwa nini najiitikia mwenyewe kama mtu aliyelogwa. Wimbo wa jembe una mwanzilishi na una waitikiaji. Basi akadaka. Mimi neno, yeye neno. Mimi neno, yeye neno. Haelewi hata moja, lakini kufika mchana alikuwa ananiharakisha mimi.

Jioni nikamwambia Edson: futa.

Jumatano, 13 Mei 2026

Mimi ni mjinga. Naandika ili nisije nikasahau.

Nilitaka ile karatasi idumu. Nikaipiga laminesheni. Karatasi ya risiti! Inayoogopa moto! Ilitoka upande wa pili nyeusi tii, plastiki inang'aa, ndani mkaa. Na ukutani, juu ya kichwa changu, tangazo nililoandika mwenyewe: RISITI HAZIPIGWI LAMINESHENI.

Mashine imeshafutwa. Nimeinamisha ile nyeusi kwenye jua kila upande. Hakuna kitu. Umebaki wimbo tu.

Chakula hakikupita. Mayu kauliza naumwa? Nimesema malaria.

Alhamisi, 14 Mei 2026

ZIPO! Zote!

Edson alimaliza kupiga window saa nne. Mashine safi kama imetoka kiwandani. Akaishusha tena programu ya waleti, akajigeuza ukutani mwenyewe kabla sijamwambia. Inauliza maneno. Nikaweka la kwanza. La pili — hamna. Nikaruka. La tatu ninalo. La nne hamna. La tano ninalo!

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilikuwa na maneno ya mwanzilishi tu. Ya waitikiaji sikuwahi kuyaimba tangu Mayu ayadake. Nusu ya mali yangu ilikuwa mdomoni mwa mama mkwe.

Nikatoka mbio uani. Mayu, Mayu, lile neno lako la kwanza ni lipi? Akanitazama. Neno gani? Lile la wimbo! Akafikiri, akapekua karanga, akasema halijui. La pili je? Halijui. Nikaanza kulia, kweli, mtu mzima na miwani yangu.

Mayu akaweka ungo chini.

"Wewe Mama Blessing, nani anaulizwa wimbo vipande vipande? Anzisha!"

Nikamvuta ndani, ungo na kila kitu. Edson nikamtuma soda, na asirudi mpaka aipate ya baridi. Nikaanzisha. Sauti ilitoka imekwama, Mayu akasema hivyo hata jembe haliinuki, rudia. Nikarudia kwa sauti ya Jumapili. Naye akaitikia! Bila kusita, huku anamenya! Kizungu chake kina Usukuma mwingi, lakini mashine ukiiandikia herufi tatu inakuletea neno zima uchague. Nikawa naimba naandika. Naimba naandika. Tukipotea tunaanza mwanzo, maana katikati Mayu haanzii.

Neno la kumi na mbili ni lake. Akalivuta kama wanavyovuta mwisho wa shamba.

Nikabonyeza. Ikafikiria, ikafikiria. Halafu namba zangu zikajaa kwenye kioo, zile zile, hakuna hata moja iliyopungua!

Nilipiga kigelegele mpaka muuza mkaa akaja kuchungulia. Nikamkumbatia Mayu, karanga zikamwagika duka zima. Akauliza, kwa hiyo hiyo hela ilikuwa ndani ya wimbo? Nikamwambia ndiyo, na nusu ulikuwa umeibeba wewe. Akaokota karanga mbili tatu. Kisha akauliza kama na kwenye karasha ana nusu.

Nilipogeuka, Edson yuko mlangoni na soda mkononi, anatikisa kichwa kwa mapigo. Sijui alikuwa hapo tangu lini.

Nikampigia Abel Geita. Nikamwambia za hewani zimetua. Nikamsikia anawaambia wenzake pembeni. Aliporudi kwenye simu akasema, "Mama Blessing, shikamoo. Kwenye hiyo karasha hamna kazi ya ulinzi?" Ningekuwa na uwezo ningeikausha hiyo shikamoo nikaitundika dukani.

Ijumaa, 15 Mei 2026

Kumbe Edson alikuwa anaturekodi pale mlangoni, na wimbo kauweka kwenye status! Sauti tupu, na maneno "mambo ya kwetu", na alama ya moto. Kasema hakujua ni nini, aliupenda tu. Nimemfanya aufute mbele yangu. Watu wengi walishaona, na wawili wameomba utumwe.

Jumapili, 17 Mei 2026

Nimetoka misa ya kwanza, sikukaa hata kunywa chai. Kule kanisani, nyuma ya mti unaobandikwa matangazo, kina mama wa jumuiya ya Mayu walikuwa wanavumisha mstari wa kwanza midomo imefungwa. Mayu mwenyewe kawafundisha jana wakimenya karanga za mtu mwingine. Anasema ni wimbo mtamu, angeufichaje?

Kwa hiyo nimefungua waleti mpya. Maneno mapya kumi na mawili. Safari hii nimeandika kwenye karatasi ngumu ya vyeti, kalamu ya wino, na mashine ya laminesheni nimeichomoa ukutani. Nimebonyeza kuhamisha kila kitu, toka ya zamani kwenda mpya. Inasema inasubiri kuthibitishwa. Kiduara kinazunguka. Maige kapiga simu, yuko Kalangalala, huko huko Geita, na mnunuzi mwingine kakaa naye hapo hapo, nimemwambia amnunulie huyo mtu chai, mashine ni yangu. Alicheka. Nami nilicheka, kwa sauti ya mwenye karasha!

Kinazunguka bado.

Mayu kaingia na ungo. Kauliza ile hela iko wapi sasa. Nimemwambia iko njiani, inahamia kwenye maneno mengine, ule wimbo wa zamani ikifika hautafungua kitu. Nilidhani atasikitika. Kasema afadhali, ulishaanza kuchuja.

Amekaa chini kwenye stuli ya wateja. Ametandika kanga mapajani, amemwaga karanga. Ananitazama mimi, anaitazama karatasi ninayoificha chini ya shajara hii.

"Haya," anasema. "Anzisha."

Nimemwambia hapana. Nimemwambia safari hii ni siri, Mayu, hata Abel hapewi.

Anamenya. Anasubiri. Kiduara kinazunguka, na neno la kwanza limeshanikaa kooni na mahadhi yake.