Mkebe wa Jeli ya Ng'ombe

Wanja wangu wa zamani,

Hapa Kianjai hakuna mtu mwenye bahati kunishinda. Bucha yangu inajaa wateja mpaka visu vinalia, warembo wananisalimia nikiwa bado ng'ambo ya barabara, na kitandani nalala fofofo kama askofu. Wala sikuwazi.

Unamkumbuka yule nesi wa kliniki? Alivyovalisha gunzi la mahindi kondomu bila kucheka? "Kondomu ni fensi, inazuia mbegu zisipite. Hii jeli ni mbwa, inaua ile iliyoruka fensi. Lakini mbwa peke yake msimtegemee." Ulicheka hadi ukaniegemea begani. Ulitaka kumaliza chuo kwanza, nami nikasema sawa, mimi ni mwanaume wa kisasa.

Halafu jeli ya nesi ikaisha. Ni wewe uliyetoa mkebe wa mama yako, ile jeli ya kukamulia. Nikauliza, "Hii si ya chuchu za ng'ombe?"

"We mchinjaji, jeli ni jeli! Si hata mimi hujipaka usoni?"

Kweli, uso wako uling'aa. Na kondomu ikapasuka, ukashika mimba.

Nesi alinieleza baadaye: ile ya ng'ombe ni mafuta, na mafuta hula mpira mpaka unalegea. Tena haiui mbegu hata moja. Nikapanda hadi kwenu Kibugu kukueleza, kumbe umeshawaambia watu wenu nilitoboa kondomu kwa kisu cha bucha ili usisome. Mama yako akasimama mlangoni: "Ndiye huyu wa kisu?" Wewe ulikuwa nyuma yake. Ukageuka ukaangalia majani chai, Wanja, kama mtu asiyenijua.

Hilo ningelimeza. Lakini mtoto umempa jina la mama yako. Wewe ni Muembu, unajua vizuri: msichana wa kwanza huitwa jina la mama wa baba. Akipewa la upande wenu, mmesema hana baba. Mama yangu aliposikia aliweka kikombe cha uji chini.

Siombi urudi. Waambie tu ukweli wa ule mkebe, halafu uniache nimwone mtoto.

Na zile sifa zangu ni uongo mtupu. Bucha nimefunga, hakuna anayenisalimia, na silali.

Mimi,
Baba wa mtoto wako