Mwavuli wa Somo la Gofu

Yaya Espérance, dada yangu mkubwa,

Nakutangazia rasmi, na ukoo wote upate habari: mdogo wako amerudia masomo ya gofu, apumzishe kichwa kiangazi hiki. Jana hapa Auderghem, Ubelgiji, mvua ilinyesha, basi mke wangu Béa akaja kunishikia mwavuli. Mpira wangu uliviringika ukaishia kwenye kiatu cha mwalimu.

"Bon, madame, jaribu na wewe," akasema.

Béa akakaza kitenge, akaupiga mpira kama anatwanga sombe, majani ya muhogo. Ukapotelea kwenye miti. Mwalimu akapiga makofi: "Bravo, madame!" Mimi hajawahi kuniambia bravo.

"Papa Dodo, usinune," Béa ananibembeleza, "si ni mchezo wa kupumzika tu?"

Nawakumbuka wote, na bukari yako, ugali wa moto. Kesho somo ni la Béa. Mwavuli nashika mimi.

Mdogo wako