Mstari wa Shangazi

Mpendwa mdogo wangu Zuhura,

Najua Dodoma simu zinashika, ni wewe tu hutaki kupokea zangu. Basi soma.

Nilikuonea kijicho tangu uliporudi Kisarawe kutoka chuoni Kibaha. Kabla yako, shughuli ikitokea Mama aliniita mimi: "Mwajuma, Chole tuna nani?" Namtajia mmoja mmoja, najiona mtu. Ukaja, ukaniketisha barazani wiki nzima ukiniuliza majina ya ndugu, ukayaandika kwenye kompyuta, faili la maandishi matupu: kila ndugu mstari wake, koma kati ya jina, kijiji na mengineyo. Kisha ukaandika amri ya kutafuta, grep Chole ukoo.txt, na watu wote wa Chole wakajipanga kwenye kioo kabla sijavuta pumzi. Mama akacheka. "Huyu sasa ndiye kichwa." Hakuniuliza tena.

Iliniuma. Inaniuma hata sasa ninapoandika.

Ikafika arusi ya kaka. Unajua kwetu mtu mzima haalikwi kwa simu, anafuatwa mlangoni. Ukatuma watu kwa orodha yako. Shangazi Mwanahawa, baada ya wewe kumwandika, alikuwa amehamia Maneromango kwa mwanawe, aliniambia mwenyewe. Faili lako lilisema Chole. Niliuona mstari huo, nikanyamaza, nikaendelea kuchambua mchele. Uliyemtuma Chole akakuta kufuli mlangoni. Shangazi amesusa mpaka leo, na Mama akakwambia mbele ya wageni, "Mashine yako imemtupa wifi yangu." Uliifunga kompyuta, ukatuachia pamoja na kikaratasi cha amri zake, ukaondoka kwenda Dodoma.

Jana asubuhi Mama alitaka watu wa Maneromango kwa hitima ya Baba. Nikaifungua kompyuta mwenyewe, na kile kikaratasi chako cha amri mkononi. Kumbe kuna safu ya nne, sikuwahi kuiangalia. Nikaitoa peke yake: cut -d, -f4 ukoo.txt. Kioo kikajaa neno moja, mstari baada ya mstari: dada, dada, dada. Ulikuwa umeandika aliyekupa kila habari.

Nimemwambia Mama ukweli. Hajanisemesha tangu jana. Kesho namfuata Shangazi mlangoni kwake, anifukuze akitaka. Wivu ninao bado, sikudanganyi, maana hata jina langu umelitunza vizuri kuliko nilivyolitunza mimi.

Kwenye mstari wa Shangazi nimefuta Chole, nimeandika Maneromango. Safu ya nne nimeiacha ilivyokuwa, dada, ila nimeongeza neno moja baada yake: alijua.

Nakusubiri upokee simu,
Dada yako