Kadi Haina Fundo

Kibokoni, Mombasa

Mwanangu Omar,

Assalaam alaykum. Idd mbili zimepita hujaja kuniona, na basi la kutoka Lamu liko kila siku. Miguu imekatika? Mkeo hajambo? Wajukuu zangu je? Na kifua chako, bado chakusumbua? Mimi mzima. Nimebaki na meno mawili, lakini natafuna.

Anayeandika ni Salma, binti yako, maana mimi kalamu sikufunzwa. Nimemwambia asinipunguzie neno, hata likimchoma.

Binti yako ana deni, Omar. Ile kadi ya mkopo aliyopewa na benki alipopata kazi ya ofisini bandarini, sote tuliichota kama kisima. Mimi wa kwanza: friji niliitaka mimi. Kisha sare za harusi nne, zangu na zake. Mshahara nao uliishia kwa juisi na viazi karai vya kule ufuoni Mama Ngina kila jioni, na tuktuk ya kumrudisha. Kila mwezi alilipa kile kidogo benki walichomtajia, akadhani ameshalipa. Kumbe riba inajizalia huko nyuma. Aliponisomea karatasi ya benki nikamwuliza, "Riba? Ndani ya nyumba yangu?" Akalia. Nami nikalia, kisha nikamwambia ateleke chai.

Kadi tumeirudisha, benki wameifunga, na deni tunalilipa kwa mafungu. Zamu yangu ya mchezo wa kina mama wa kuchangiana pesa ilipofika, godoro jipya nililiacha, pesa zote zikamaliza deni la friji. Mshahara ukiingia, fungu la benki hutoka kwanza. Pesa za matumizi nazifunga mimi kwenye pembe ya leso yangu. Mwenye haja aje, nifungue mbele yake.

Juzi akaja: "Bibi, nataka juisi ya miwa." Nikalishika fundo kwa meno haya mawili. Nikavuta, nikavuta. "Basi, Bibi, basi! Nitakunywa maji." Kadi haina fundo, mwanangu. Ndiyo ila yake.

Harusi ya mtaani tulikwenda na nguo za zamani. Jirani yangu Bi Rukia akapaza sauti mbele za watu: "Bi Mwanahawa, sare yenu iko wapi?" Nikamwambia, "Ya mwaka jana bado twailipa. Yako umeshaimaliza?" Akanisogezea sinia la biriani. Jumapili alikuja mwenyewe nimwonyeshe ninavyofunga.

Sasa lako. Ile televisheni uliyomwomba Salma, unayowaitia watu sebuleni kwako, ilitoka kwenye kadi hiyohiyo. Ndiyo deni kubwa lililobaki. Hapa Salma ameweka kalamu chini: "Bibi, baba ataona haya." Aone! Yeye hakukwambia kwa kukustahi. Mimi nimekuogesha, sina haya nawe. Nimemwambia aokote kalamu, ameokota, na anacheka.

Nisalimie mkeo, mkwe wangu mwema, na dada yangu Zena. Mwambie halua yake ilifika, na wala sikumgawia mtu.

Idd ijayo uje. Kanzu yako ya zamani yatosha, nitaipiga pasi mimi. Uje na fungu la televisheni, hata likiwa dogo, ulitie mkononi mwangu. Usilifunge. Kufunga ni kazi yangu.

Mama yako akupendaye,
Bi Mwanahawa